Daftari la Unyevu na Bangili za Mama



Katibu wa kamati ya msikiti, kwa mujibu wa katiba yetu, huandika mihtasari ya vikao, hutunza barua na husoma matangazo baada ya swala ya Ijumaa. Katiba haisemi lolote juu ya mirathi. Lakini katika mji kama Tunduma, ambako watu wametoka kila pembe na wengi hawana wazee wa ukoo karibu, mwenye kalamu huitwa kila panapotakiwa maandishi, nami nimekwisha kuzoea. Ndivyo nilivyojikuta, miezi miwili baada ya msiba, nimeketi mkekani katika nyumba moja ya mtaa wetu pamoja na sheikh, watoto wanne wa marehemu, ami yao aliyetoka Mbeya, na nyuma ya pazia mjane, ambaye hapa nitamwita Mama kama wanavyomwita wote pale. Familia imeniruhusu kuandika habari hii maadamu majina yao nayaacha.

Marehemu aliacha nyumba, kiwanja, na hisa katika kampuni ndogo ya kukoboa na kusaga mahindi aliyoisajili BRELA pamoja na mwanawe mkubwa. Kampuni hununua mahindi ya wakulima wa Mbozi na Momba, husaga sembe na dona, na huuza hapa mjini na kwa wateja wanaovuka kutoka Nakonde. Hesabu ya nyumba na kiwanja ilikwisha kabla ya adhuhuri. Hesabu ya kampuni ilitufikisha magharibi, na haijaisha mpaka leo, kwa sababu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyedhani kuwa lina uhusiano na mirathi, nalo ni gharama za utafiti.

Tukilisikia neno utafiti tunawaza watu wa makoti meupe walioko Uyole au Morogoro. Utafiti ninaousimulia ulifanyika nyuma ya jiko.

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini mwake kwa hoja ya sumukuvu. Zuio lile baada ya siku chache liligeuzwa kuwa masharti ya usajili na vyeti vya ubora, lakini habari yake ilikwisha kufika katika kila soko la nafaka, na hapa Tunduma pia wanunuzi walianza kuuliza maswali ambayo zamani hayakuulizwa. Sumukuvu ni sumu inayotokana na kuvu wanaoota katika nafaka isiyokauka vizuri. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja.

Marehemu hakuwa na mteja Kenya, lakini alikuwa na hofu. Mama alikuwa na nafasi ya uani. Kwa misimu miwili ya mavuno aliyagawa mahindi mafungu manne: fungu moja likaanikwa chini kama ilivyo desturi, la pili juu ya turubai, la tatu juu ya vichanja vya mbao na wavu, na la nne juu ya vichanja lakini likafunikwa kila jioni kabla ya umande. Walinunua kipima unyevu. Baada ya hapo akachukua sampuli za kila fungu, nyingine zikiwa zimechambuliwa kwa mkono na kuondolewa punje zilizovunjika au kubadilika rangi, nyingine hazikuchambuliwa, zikapelekwa maabara. Kwa matokeo hayo kampuni ilibadilisha namna ya kupokea mahindi, ikaacha kununua yaliyoanikwa chini, ikaajiri kina mama wa kuchambua. Unga wao ukapata wateja wapya, na mmoja wao ni shule ya bweni. Hakuna aliyeyapinga haya mkekani. Swali lilikuwa ni nani aliyelipia.

Mama alilipia. Aliuza bangili zake za mahari kwa shilingi 3,800,000, na fedha yote ikaingia katika mbao, wavu, turubai, mahindi ya majaribio, vibarua, nauli na ada za maabara.

"Mama alitoa kwa mapenzi yake," alisema mtoto wa pili, kwa adabu, sharti niseme. "Baba hakuwahi kumwambia kuwa ni deni."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Sikumpa baba yenu, mwanangu. Niliipa mashine."

Sheikh alinyamaza kidogo, kisha akaeleza jambo ambalo wengi wetu hatulipambanui. Ikiwa fedha ile ilikuwa zawadi kwa mume, imekwisha. Ikiwa ilikuwa mkopo kwa mume, basi ni deni juu ya mali yake, na hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa fungu lake, kabla hata ya thumuni ya mjane mwenyewe. Na ikiwa ilikuwa mkopo kwa kampuni, mdaiwa si marehemu kabisa. Ni kampuni, ambayo kisheria ni mtu mwingine, na thamani ya hisa zinazorithiwa inapungua kwa kiasi cha deni hilo. Njia tatu, na kila moja inampeleka Mama mahali tofauti. Akauliza ushahidi uko wapi.

Mjukuu alitumwa chumbani akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu. Nimeona madaftari mengi ya biashara, lakini sijaona lililoandikwa kwa uangalifu kama lile. Kila siku ina tarehe, hali ya hewa, fungu la kwanza unyevu asilimia fulani, fungu la pili asilimia fulani, asubuhi na jioni. Sheikh alilipitisha karatasi kwa karatasi, akatukumbusha habari ya watu wa Madina na mitende yao, walipoacha kuipandisha mwaka mmoja na mavuno yakaharibika, wakaambiwa kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Naam. Lakini katika daftari lote lile hapakuwa na shilingi hata moja. Mama aliandika kila kitu isipokuwa fedha.

Kati ya kurasa zilianguka risiti tatu za maabara, jumla yake shilingi 900,000, zote zimeandikwa jina la kampuni. Hizo zilinifanya niulize swali ambalo lilitufungulia mlango wa pili. Nilimwuliza mwana mkubwa, je, risiti hizi zimo katika hesabu za kodi za kampuni? Alipiga simu kwa mhasibu wao wa kukodi. Hazimo. Mhasibu huandika anacholetewa, na hakuletewa kitu.

Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwani sheria hii inawahusu wengi kuliko wanaoijua.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 15, inaruhusu mwenye biashara kutoa katika mapato yake, kabla ya kukokotoa kodi, gharama za utafiti na maendeleo alizozitumia katika mwaka huo, ilimradi ziwe zimetumika kwa ajili tu ya kuzalisha mapato ya biashara hiyo. Zipo pamoja na gharama za kuboresha kilimo na za kutunza mazingira. Na utafiti haukufungwa ndani ya maabara. Maana yake katika sheria ni matumizi anayoyafanya mtu katika kuendeleza biashara yake na kuboresha bidhaa au namna ya kuzitengeneza. Maelezo hayo yanamwenea mwenye kiwanda cha saruji, na yanamwenea Mama na vichanja vyake. (Kwa namna ya ajabu kidogo, yamejumuisha pia gharama za kampuni kuuza hisa kwa umma na kuorodheshwa kwa mara ya kwanza katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nilisoma mara mbili kuhakikisha.)

Kuna mpaka mmoja ambao ni lazima kuuelewa. Gharama iliyokwisha kuingia katika thamani ya mali ya kudumu haihesabiwi kuwa ya utafiti. Vichanja vya mbao vinavyotumika mwaka hadi mwaka, na kipima unyevu, ni mali, navyo vina njia yao ya kupunguzwa taratibu kwa uchakavu. Mahindi yaliyotumika katika jaribio, ujira wa vibarua, nauli ya kupeleka sampuli na ada ya maabara ndivyo vinavyotolewa mara moja. Tukichukua kwa mfano kwamba katika fedha ya Mama shilingi 1,000,000 ilikwenda katika vichanja na vifaa, zinabaki 2,800,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Kwa hiyo, ikiwa kampuni ilikuwa na faida ya kutosha katika miaka hiyo miwili, na hilo mhasibu amelithibitisha, kodi yake ingepungua kwa shilingi 840,000.

Tusidanganyane hapa. Nafuu hii haimrudishii mtu fedha yake. Aliyetumia 2,800,000 bado ametoa mfukoni karibu 2,000,000, na kama jaribio halikuzaa kitu, hiyo ni hasara yake. Wako wanaopita mitaani wakisema serikali inalipia utafiti, nao wanakosea. Serikali inakubali tu kutoitoza kodi fedha ambayo kweli haikuwa faida. Lakini 840,000 kwa familia ya Tunduma ni karo, ni magunia ya mahindi, ni msimu wa tatu wa majaribio ambao haukufanyika kwa sababu bangili zilikwisha.

Sasa angalia mahali milango miwili inapokutana. Ili kampuni itoe gharama, lazima iwe ni kampuni iliyoitumia. Fedha aliyoitumia Mama kwa mkono wake na kwa jina lake, bila kampuni kuipokea, si gharama ya kampuni, hata kama faida yake yote iliingia kwenye kampuni. Kumbe lile swali la sheikh, ulimpa nani, ndilo swali atakaloliuliza afisa wa kodi. Karatasi moja tu, iliyosema kwamba siku fulani kampuni imekopa kwa Bi fulani shilingi kadhaa kwa ajili ya majaribio ya ukaushaji, ikiwa na sahihi za wakurugenzi wawili ambao ni baba na mwana wanaokula sahani moja, ingemlinda Mama mbele ya warithi na kuilinda kampuni mbele ya Mamlaka ya Mapato. Haikuandikwa, kwa sababu nani humwandikisha mkewe? Katika nyumba zetu nyingi, kumwomba mume karatasi huhesabiwa kuwa ni kumshuku. Mimi mwenyewe, nikiri, sina karatasi yoyote kwa fedha ambayo mke wangu aliitia katika duka letu dogo la vitabu. Niliporudi nyumbani usiku ule nilikuwa na la kusema, nikalisema, nikachekwa, na karatasi ikaandikwa.

Duka hilo la vitabu linanipeleka kwenye upungufu wa sheria yenyewe. Mimi si kampuni. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kwa makadirio, yaani kwa kipimo cha mauzo, si cha faida. Asiyetozwa kwa faida hana mahali pa kutolea gharama, ziwe za pango, za mshahara au za utafiti. Mama ntilie anayejaribu aina mpya ya kuhifadhi maziwa, fundi wa majiko anayeharibu mabati kumi ili apate jiko linalokula mkaa nusu, hawa kifungu cha 15 hakiwagusi. Sisemi kwamba makadirio ni mabaya, maana yanamwondolea mdogo mzigo wa mahesabu. Nasema tu kwamba nafuu ya utafiti inamfikia aliyekwisha kukua, ilhali majaribio mengi ninayoyaona katika soko letu yanafanywa na wadogo.

Wadogo wana njia nyingine, na mkoa wetu unaijua vizuri kuliko mingi. Pale Mbimba, wilayani Mbozi, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, Moshi. Taasisi hiyo ilianza kazi mwaka 2001 kama chombo kinachoongozwa na wadau wa kahawa wenyewe. Hakuna mkulima wa ekari mbili ambaye angeweza peke yake kugharimia miaka ya kuchanganya mbegu hadi ipatikane chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ilipatikana kwa kuwa gharama ilibebwa na wengi. Vivyo hivyo mbegu za mahindi zenye herufi UH, ambazo wakulima wetu wanazipanda bila kujiuliza herufi hizo ni nini, zilitoka Uyole, jirani zetu wa Mbeya. Wasagaji wa Tunduma wangeweza kuungana watano au sita wakagharimia vipimo vya msimu mmoja kwa pamoja, kila mmoja akaandika sehemu yake. Nimelisema hili kwa wawili kati yao. Mmoja aliniuliza kama kamati ya msikiti imeanza kuuza unga.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Afrika Kusini tangu mwaka 2006 inaruhusu kampuni itoe asilimia 150 ya gharama za utafiti, yaani kila randi mia moja ihesabiwe kuwa mia na hamsini, lakini kwa idhini inayoombwa kwanza. Uingereza ilianza nafuu kama hiyo mwaka 2000 kwa kampuni ndogo, na ikaona upande wa pili wa jambo. Mamlaka yao ya mapato ilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 hadi 2021 zaidi ya pauni bilioni moja zilipotea kwa makosa na udanganyifu katika madai ya utafiti, maana walijitokeza mawakala waliomshawishi kila mwenye mgahawa kwamba kubadilisha orodha ya vyakula ni uvumbuzi.

Nalitaja hilo kwa sababu kijana mmoja, baada ya swala, aliniuliza kama kuchukua nafuu hii si kukwepa kodi kwa jina zuri. Nilimjibu kwamba kuchukua ulichoruhusiwa na sheria, kwa ukweli, si kukwepa. Lakini anayebadilisha mkanda wa mashine uliokatika akaandika "utafiti", au anayeipaka rangi ofisi akaandika "maendeleo", huyo amesema uongo kwa maandishi. Kipimo nilichompa ni cha Mama: kuna kitu ulikuwa hukijui, ukafanya jambo ili ukijue, na unaweza kuonesha ulichokiandika ukiwa unakitafuta? Kama vyote vitatu vipo, sina shaka na wewe. Daftari la namna hiyo, pamoja na risiti zenye jina la biashara, malipo ya vibarua yenye sahihi zao na barua ya mkopo kama fedha imetoka nyumbani, vitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ambao ndio sheria ya usimamizi wa kodi inautaka. Na vikabidhiwe kwa mhasibu kabla hajaandaa ritani. Akipewa baada ya hapo, kazi huwa ngumu maradufu.

Kikao chetu kilifikia nusu ya safari. Warithi wote wanne walikubali kwamba shilingi 900,000 za maabara, kwa kuwa risiti zake zina jina la kampuni, ni deni la kampuni kwa Mama. Mwana mkubwa, kwa nafasi yake ya mkurugenzi aliyebaki, akatia sahihi, nami nikaandika. Zilizobaki 2,900,000 zimegawanya nyumba. Wawili wanasema mama hawezi kusema uongo, yatosha. Mtoto wa pili anasema hamshuku mama yake, lakini wapo wadogo ambao haki yao haipunguzwi kwa heshima ya mtu, na ami yao yuko upande wake. Sheikh alikataa kuwahukumu kwa haraka. Binti mdogo ndiye aliyekumbuka kwamba mbao na turubai zililipwa kwa simu, na kwamba kampuni ya simu inaweza kutoa taarifa ya miamala ya miaka hiyo ikiombwa rasmi. Ombi limekwisha kupelekwa. Mhasibu naye amechukua nakala za risiti zile tatu kwenda kuangalia kama ritani za nyuma zinaweza kurekebishwa.

Daftari la bluu liko kwangu kwa amana, ndani ya kabati la msikiti, hadi kikao kijacho. Mama amelituma ombi moja tu kuhusu hilo: mavuno yanakaribia, na anataka nimnakilie kurasa za msimu wa pili, kwa sababu vipimo vya fungu la nne hakuvikariri.